Nani Alibaki na Mtoto?

Milima ya Usambara huishushia Dar es Salaam karoti, kabichi, viazi, pilipili hoho na mabinti. Karoti ina dalali wake, ina gunia lake na bei yake ya siku, na ikifika sokoni imeharibika kuna mtu atakayepiga kelele. Binti hupanda basi la alfajiri akiwa na mfuko mkononi, ametafutiwa kazi na shangazi ambaye naye aliagizwa na mtu, na habari ya mshahara ataisikia akishafika. Mimi niliteremka hivyo mwaka 2005, kutoka upande wa Mlalo, nikiwa na miaka 15. Lukozi na Malindi tulizipita gizani. Lushoto mjini palikuwa panapambazuka. Kwenye kona za Soni nikatapika, na Mombo joto likaniingia ndani ya sweta ambalo sikuwa na pa kuliweka.

Siku hizi naombwa kutoa ushuhuda: kanisani, kwenye kikundi cha akina mama, hata mbele ya wasichana wa sekondari. Wanataka kusikia jinsi dada wa kazi alivyokuja kuwa karani wa mahakama, mwenye stashahada ya sheria, mke na mama wa watoto wawili. Swali huwa lile lile: umewezaje yote hayo kwa pamoja? Mimi huwaambia ukweli kwamba sikuyaweza kwa pamoja, na kwamba kabla hawajamsifu mwanamke yeyote aliyepanda cheo huku nyumba yake imesimama, wamuulize kwanza nani alibaki na mtoto. Mwanaume hatuna desturi ya kumuuliza. Jibu linajulikana. Mimi nimekuwa yule anayebaki na mtoto wa mwenzake, kisha nikawa yule anayemhitaji mtu wa kubaki na wake, na ninayoyajua kuhusu kazi na familia nimeyajifunza kwa kuwa pande zote mbili za mlango mmoja.

Darasa la saba nilimaliza 2004. Nilifaulu, lakini kufaulu wakati ule na kuchaguliwa vilikuwa vitu viwili. Sekondari za serikali zilikuwa chache, na majina yaliyobandikwa ubaoni hayakufika kwangu. Shule za kata zilianza kujengwa kwa kasi 2006, wazazi wakichangishwa mawe na mchanga, na mdogo wangu anayenifuata akaingia moja kwa moja. Baba hakuwa na upendeleo. Alikuwa na shamba la karoti na watoto wengi, na serikali ilichelewa kidogo tu kwa upande wangu.

Mama niliyekwenda kumfanyia kazi Dar hakuwa mtu mbaya, na hilo huwa nalisema mapema kwa sababu watu hupenda ushuhuda wenye mwajiri anayemwagia binti maji ya moto. Hakunipiga. Tulikula chakula kimoja. Alikuwa na kazi nzuri katika ofisi kubwa, watoto wawili, mume wa kusafiri, na jioni alikuwa anasoma shahada ya pili. Alirudi saa nne usiku, viatu mkononi, akaniuliza watoto wamekula nini, akalala na vitabu kifuani. Nilimhurumia kweli. Aliyeamka kabla yake kuchemsha uji alikuwa mimi, na aliyelala baada yake, akishafunga geti na kuloweka nguo za shule, alikuwa mimi pia, ila huruma ya nyumba nzima ilikuwa kwake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mtihani.

Mshahara ulikuwa shilingi 15,000 kwa mwezi, na haukuja mkononi. "Nakutunzia," aliniambia. Kwa miezi ya kwanza nilikuwa natumwa sokoni, na siku moja nikamsikia mama muuza mboga akimsalimu mwenzake kwa Kisambaa, onga mshi, nikasimama pale na kapu langu kama mtu aliyeitwa jina. Alinijua kwa macho tu kwamba nimetoka juu. Akaniuliza napumzika siku gani. Swali hilo sikuwahi kulifikiria. Bunge lilikuwa limetunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mwaka ule ule nilipomaliza darasa la saba, 2004, na ndani yake kuna saa 45 za kazi kwa wiki, saa 24 za mapumziko na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Sheria hiyo haikumbagua mfanyakazi wa ndani. Ilikuwa imekaa tu mahali ambapo mimi sikufika, na mwajiri wangu hakuwa na haraka ya kuifikisha.

Alipohitimu tulikwenda wote. Zilipigwa picha nyingi: yeye na joho, yeye na mume, yeye na watoto, yeye na mama yake mzazi aliyetoka mkoani. Picha hizo nilizifuta vumbi ukutani kwa miaka iliyobaki. Mimi simo. Nilikuwa nyuma ya mpiga picha, nimembeba mtoto mdogo, namchezea ili atazame mbele na asilie.

Baada ya hapo nikajipa moyo. Nikamwomba niende masomo ya jioni, nijiandae kwa mtihani wa QT, ule ambao mtu aliyeishia darasa la saba akifaulu anaruhusiwa kuufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kituo kilikuwa mtaa wa pili. Alinisikiliza vizuri, tena kwa upole, akauliza, "Sasa nani atabaki na watoto?" Niliposema nataka kuondoka, akaniongeza elfu tano, nami nikabaki. Ilikuwa hivyo hadi 2010, nilipopanda basi la Lushoto na akiba aliyonitunzia, ambayo haikufika nusu ya hesabu niliyokuwa nimeiweka kichwani.

Nyumbani walidhani nimerudi kuolewa. Mchana nilifanya vibarua vya kupalilia na kuvuna, usiku nikasoma. QT nikafaulu. Kidato cha nne nilikifanya 2013, mwaka ambao ulianza vibaya kwa kila aliyekuwa anajiandaa: matokeo ya 2012 yalitangazwa Februari, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakapangwa upya, lakini hofu ilishatuingia. Jirani mmoja alimwambia mama, "Kama wenye walimu wamepata sifuri, huyu wa koroboi atapata nini?" Nilipata alama za kunitosha kuomba cheti cha sheria katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, IJA, kilichopo hapa hapa Lushoto mjini. Wenzangu walitoka Mtwara, Kagera, Dodoma, wakawa wanavaa makoti mawili mwezi wa sita huku wakishangaa jinsi mtu anavyoweza kuoga asubuhi kwenye baridi ile. Mimi nilikuwa nyumbani kwetu. Nilichokuwa sina ni Kiingereza. Kwenye mahakama ya mwanzo kesi zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili miaka yote, na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili kiwe lugha ya mahakama zote nchini, lakini vitabu vya sheria tulivyosoma havikujua habari hizo. Nililala na kamusi.

Cheti nikapata, ajira hakuna. Katikati ya 2016 serikali ilisimamisha kuajiri kupisha uhakiki wa watumishi na vyeti, na mimi nikawa napiga chapa kwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi. Hapo ndipo nilipompata mume wangu. Alikuja kuchapishiwa risiti za mizigo. Yeye ni mtu wa mboga, ananunua Lukozi na Malindi, anapakia Fuso, anateremka nayo usiku ili alfajiri awe sokoni Dar. Tukafunga ndoa. Mwaka 2018 Tume ya Utumishi wa Mahakama ikanipa kazi ya ukarani, nikapangiwa ndani ya wilaya, jambo ambalo watumishi wengi huliombea miaka. Mwaka 2019 nikajifungua mtoto wa kiume.

Sheria inatoa siku 84 za uzazi, 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupewa siku 3. Nilipokuwa nasoma cheti tulizikariri namba hizo kwa ajili ya mtihani, na hakuna aliyecheka. Ukiwa kitandani na mshono haujakauka, na mwenzio anakuambia zake zimekwisha, ndipo unapoona sheria inavyomfikiria baba: kama mgeni aliyekuja kumsalimu mzazi. Mume wangu hana mwajiri, kwa hiyo hata hizo 3 hazikumhusu. Usiku wa pili alikuwa barabarani na kabichi.

Zile siku 84 zilipokaribia kuisha, ukoo wote ulikuwa umeshaamua kwamba mtoto atakwenda kwa mama mkwe. Hakuna aliyemuuliza. Tukapanda na mtoto hadi kwake, mfuko wa nguo zake tayari. Mama mkwe akampakata mjukuu, akamchezesha, akambusu, akaturudishia. "Nimelea saba wa kwangu na watatu wa marehemu dada yangu," alisema. "Mgongo huu umeisha. Huyu nitamsalimia, sitamlea." Mawifi walinuna. Mume wangu aliona aibu. Mimi, nawaambia kweli, pamoja na hofu niliyokuwa nayo, nilimheshimu siku ile kuliko siku zote. Wanawake wazima wa milimani wamebeba kuni, mboga, maji na wajukuu mpaka wamepinda, na kila mtoto wa kike anayepata kazi mjini humwongezea bibi mmoja mzigo, kisha husifiwa kwa kujituma.

Ikabidi tutafute binti. Hapo mimi na mume wangu tukagombana vibaya kwa mara ya kwanza. Nilisema atakuwa na miaka 18 au zaidi, atakuwa na karatasi ya makubaliano yenye saini, atalipwa mkononi mwake kila mwisho wa mwezi, Jumapili ni yake, likizo anayo, na mchana mtoto akilala atakwenda kwa fundi cherehani wa jirani kujifunza kushona, ada juu yetu. Kima cha chini kwa mfanyakazi wa ndani anayekaa kwa mwajiri, kwa amri ya mwaka 2013 iliyokuwa inatumika wakati huo, kilikuwa shilingi 40,000. Nikasema tutavuka hapo. Mume wangu alinitazama. "Mkataba na msichana wa kazi? Wewe mwenyewe ulisaini wapi?" Nikamwambia hapo ndipo penye sababu.

Haikuwa rahisi kama inavyosikika nikiisimulia. Mshahara wa karani si wa kutamba, na wa binti ulikatwa humo. Kiwanja tulichokuwa tunalipia kidogo kidogo tukakiacha kwa muda. Shoga zangu waliniona najidai: wao walikuwa na mabinti wa ukoo, wanaowaita wadogo zao, wasiolipwa kitu ila nguo za Krismasi na Idi. Kazini, nilipoanza kutumia saa 2 ambazo mama anayenyonyesha anaruhusiwa kwa siku, mkubwa wangu mmoja alikuwa anaitolea macho saa kila nikiinua mkoba. Hakuwahi kunikatalia. Aliuliza tu, mbele za watu, kama huyo mtoto hajaanza bado kula ugali.

Mwaka 2021 nikapata ruhusa ya masomo, nikarudi IJA kwa stashahada. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Binti yetu alishakuwa mtu wa nyumba: anajua dawa ziko wapi, anajua baba anataka chai bila majani mengi, mtoto anamlilia akichelewa kwa fundi. Hili la mwisho liliniuma, nikajizuia nisimwonyeshe. Nilijua upande wake. Mtoto wa Dar naye alinililia mimi, na mama yake alikuwa akigeuza uso.

Darasani mwaka huo nilisoma habari ambayo nilitamani ningeijua nikiwa na miaka 15. Juni 2011, Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 juu ya wafanyakazi wa majumbani, na miongoni mwa waliousukuma walikuwa wafanyakazi wa majumbani wenyewe. Myrtle Witbooi wa Afrika Kusini, aliyeanza maisha ya kazi jikoni kwa watu, ndiye aliyekuja kuongoza shirikisho lao la dunia hadi alipofariki 2023. Hapa kwetu chama chao ni CHODAWU, wamewekwa pamoja na watu wa mahoteli na hifadhi. Juni 2011 mimi nilikuwa napalilia karoti za baba na kujiandaa kwa QT, nikiamini kwamba niliyopitia yalikuwa bahati yangu tu.

Kisha mwaka 2022, mitihani ikiwa mlangoni, binti akaja jikoni akiwa ameshika ile karatasi ya makubaliano. Alisimama wima. Akasema amepata nafasi ya kushirikiana duka la cherehani Mombo, na karatasi inasema atoe taarifa ya mwezi mmoja, basi anatoa. Nikampongeza. Nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mume wangu alikuwa na jibu la haraka: "Mwongeze hela abaki, hata mpaka umalize mitihani." Angebaki. Najua angebaki, kwa sababu mimi nilibaki kwa elfu tano. Mume wangu hakuelewa kwa nini jambo jepesi hivyo nalifanya gumu, na sikuweza kumweleza bila kumsimulia miaka mitano ambayo sikuwa nimemsimulia yote. Usiku ule ndipo nilipomsimulia. Binti akaondoka mwezi ulipotimia, na cherehani tuliyomchangia nusu ya bei, imefungwa juu ya bodaboda kwa kamba ya katani. Mimi nikaandika barua ya kuahirisha masomo.

Mwaka ule ndio uliokuwa mgumu kuliko yote, kuliko hata Dar. Dar nilikuwa mchovu, lakini sikuwa na kitu cha kupoteza. Sasa nilikuwa nyumbani, nimerudi kazini, mtoto namwacha kwa jirani huyu leo na yule kesho, mume anateremka na Fuso na kurudi macho mekundu, na kati yetu hakuna maneno ila ya chumvi na dawa ya mafua. Mvua zikikata barabara, mzigo ulimwozea, naye akaja na hasira zisizo na mwenyewe. Nadhani moyoni alitumaini barua ya kuahirisha itageuka kuwa barua ya kuacha. Wazee wakaitwa. Tukakaa sebuleni kwa shemeji yangu mkubwa, wanaume kwenye viti, mimi na mawifi kwenye mkeka, na hoja ikawekwa: mwanamke ana kazi ya serikali tayari, ana mume, ana mtoto, anatafuta nini kingine?

Nilikuwa nimejiandaa kujibu kisheria. Sikuwahi kufungua mdomo. Mama mkwe, ambaye hakuna aliyemtegemea kusema, akajisogeza kwenye mkeka.

"Hayo ya shule mimi siyajui," alisema. "Ninachojua, huyu mtoto ana baba. Na baba yake asipokuwa na safari anashinda stendi anacheza bao."

Shemeji mmoja akacheka, akakohoa kuificha. Mjomba akaomba chai. Kikao kikaendelea kwa heshima zote, wakatuasa tuvumiliane, tumwombe Mungu, lakini jambo lilikuwa limeshasemwa na haliwezi kurudi. Mume wangu hakuniongelesha njia nzima. Wiki zilizofuata akaanza, bila kutangaza, kugawana safari na mwenzake wa biashara: huyu anateremka na mzigo wiki hii, yule wiki ijayo. Wiki yake ya kubaki, mtoto alikuwa wake. Alimchukua hadi kwenye kibanda chake stendi, akamketisha juu ya magunia ya viazi. Wenzake walisema amelishwa limbwata. Mmoja alimpa kanga, akamwambia ajifunge mbeleko. Akaipokea, akaifanya tambara la kufutia mizani, na anayo mpaka leo.

Asitokee mtu akadhani mume wangu aligeuka malaika. Nguo hafui. Kupika anapika chipsi mayai, basi, na akipika nyumba nzima inapaswa kujua. Faida ya kila mzigo ikawa ya kugawana, na mwaka huo tuliishi kwa kubanana hasa. Lakini nilirudi chuoni 2023 nikiwa najua mtoto yuko wapi saa nne asubuhi, na ukishajua hilo, sheria ya mikataba inaingia kichwani.

Nilimaliza 2024. Kuna vitu havikurudi. Kwaya niliiacha nilipojifungua mara ya kwanza, na niliporudi kwenye mazoezi sauti ya pili imejaa wasichana wadogo, nikakaa nyuma pamoja na wamama wa umri wangu, tunaimba tukisinzia. Rafiki yangu wa tangu QT alinichoka kwa kutohudhuria misiba yake na sherehe zake, na sasa tunasalimiana tu sokoni. Kuna nafasi ya kuhamia makao ya mkoa niliikataa, akachukuliwa niliyemtangulia kazini, na akija ukaguzi namwita bosi. Huwa nasikia kwamba mtu akijipanga hakosi kitu. Waliobuni maneno hayo nadhani nguo zao zilifuliwa na mtu mwingine.

Mtoto wa pili alikuja baada ya stashahada, na hilo tulilipanga. Binti tuliye naye sasa ametoka Mtae. Amri ya mishahara iliyofuata ile ya 2013 ilianza kutumika Januari 2023 na kima cha anayekaa kwa mwajiri kikapanda hadi 60,000. Yeye analipwa zaidi, kwa sababu kima cha chini ni sakafu. Hataki cherehani. Anasoma kidato cha nne cha kujitegemea, na jioni tukimaliza kuosha vyombo meza moja ina vitabu vyake na vyangu, maana fomu ya shahada ya sheria ya Chuo Kikuu Huria ninayo, na mitihani yao naweza kuifanyia Tanga. Sijaijaza. Mtoto wa pili bado ananyonya, na binti mwenyewe ana mtihani Novemba. Tumekubaliana yeye atangulie.

Juzi amenipigia mwenzangu tuliyesoma naye cheti, sasa yuko Dar, amepandishwa cheo, na amejifungua. Tulicheka sana kwanza, tukakumbushana baridi na makoti mawili. Kisha akafika kwenye lililomfanya apige.

"Dada, huko kwenu Lushoto si ndiko wanakotoka mabinti wa kazi wazuri? Nitafutie mmoja. Awe mdogo mdogo, asiwe mjuaji."

Nikamwambia wapo. Nikamtajia umri wa kuanzia, mshahara, Jumapili, siku 28 za likizo, nauli ya kwenda na kurudi, mchango wa NSSF, na saa mbili za masomo kila jioni. Simu ilikaa kimya, nikadhani mtandao umekata.

"Kwa masharti hayo," alisema, "si bora nije kufanya hiyo kazi mimi mwenyewe?"

Nikamuuliza anaweza kuanza lini.